Sweta ya Julai

Daktari Eilertsen hana haraka.
Nje ni saa sita mchana na taa za mtaa zinawaka,
kwani Vardø jua lilituaga Novemba,
halirudi hadi wiki ya tatu ya Januari.
Anakigeuza kiwiko changu kama mtu akaguaye samaki:
wekundu chini, magamba meupe juu,
makavu, yakipukutikia meza yake safi.
Nayafuta kwa kiganja.
Yaache, Aslaug, anasema.

Miaka kumi na tisa naparua samaki kiwandani.
Wenzangu walishakata kesi:
ni maji ya chumvi. Ni glavu. Ni jasho la glavu.
Gunnvor, ajuaye kila kitu, alisema ni chewa wenyewe,
wamelipiza, gamba kwa gamba.
Tulicheka, mimi kuliko wote,
kisha nikaenda chooni kujikuna hadi damu.

Mama mkwe alilaumu maziwa. Nikaacha maziwa.
Jirani alilaumu nyanya, akaongeza ngano,
nikabaki na viazi na hasira.
Dada yangu alishusha sauti kwenye simu:
si ulianza mwaka ule Roald alipohama?

Ndiyo. Na mwaka huohuo niliugua koo,
nikarudi kazini siku ya pili,
na wiki mbili baadaye matone mekundu tumboni,
kama nimerushiwa rangi na fundi mzembe.
Na mwaka huohuo bia ilizoea kulala jikoni kwangu.
Mwaka mmoja, washtakiwa wote hao.

Ni yupi? namuuliza.
Nataka jina.
Nataka mtu wa kumfungia mlango.

Anafuta miwani. Labda wote.
Labda hakuna aliyetenda peke yake.
Mwili una walinzi, anasema; wako wamepewa habari ya uongo,
wanapigana na adui asiyekuwepo,
na ngozi, kwa hofu, inajijenga upya kwa siku nne
kazi ambayo kwa wengine ni ya mwezi.
Nani aliwadanganya? Koo, labda.
Huzuni, labda. Mkwaruzo wa kisu.
Lakini uongo nao hutaka udongo wa kuotea.

Kisha: Baba yako je?

Baba.
Baba aliyevaa sweta Julai,
jua linapokesha na watoto wote wako vifua wazi.
Baba aliyejikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango,
nasi tukidhani anaigiza dubu, tukipiga makofi.
Baba aliyefua shuka zake mwenyewe,
mwanamume pekee mtaani,
Mama akijivuna kwa majirani.
Na kila asubuhi, chini ya kiti chake, unga mweupe;
Mama akiufagia bila neno,
kama theluji iliyokosea nyumba.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Sikujua nguo yenyewe hurithiwa.

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa.
Alinipa pia pua hii,
na tabia ya kupiga mluzi nikiogopa.
Daktari ameandika marhamu,
ameandika mwanga wa taa, mara tatu kwa wiki.
Penye sababu ameacha mstari mtupu.

Nyumbani, Iver yuko mezani na hesabu zake.
Ana miaka minane. Tangu Jumanne koo linamuuma.
Anajikuna kiwiko, macho kwenye daftari.
Nasimama mlangoni, theluji ikiyeyuka viatuni.
Inaweza kuwa sufu ya sweta.
Inaweza kuwa upele wa siku moja.
Inaweza kuwa hesabu.

Navua koti. Nakunja mikono ya shati
hadi juu ya viwiko,
jambo lisilowahi kufanywa katika nyumba hii,
nakaa naye chini ya taa.

Anatazama muda mrefu.
Inauma?
Inawasha. Babu yako alikuwa nayo pia.
Mtu hujikuna ajipatapo, Iver,
na mgongoni sijipati.

Anafungua kifuniko cha marhamu, anainusa, anakunja uso.
Wapi? anauliza.
Mkono wake ni baridi. Unaanza kutafuta.